Namna ya Kutathmini Mradi wa Misaada ya Maendeleo na Kuurekebisha Ukiwa Bado Hai

Tathmini nyingi za miradi ya misaada hufika zimechelewa. Mshauri anaajiriwa miezi michache kabla ya mradi kufungwa, anazungushwa katika vijiji ambavyo ofisi ya mradi yenyewe imemchagulia, anaandika kurasa themanini, na ripoti inapopitishwa andiko la awamu ya pili limeshatumwa kwa mfadhili zamani. Hakuna aliyedanganya na hakuna kilichobadilika. Mwongozo huu ni wa anayetaka kutoka kwenye mzunguko huo: afisa wa ufuatiliaji na tathmini, meneja wa mradi, mfadhili, au mtumishi wa serikali aliyekabidhiwa mradi wa wafadhili. Hatua zinafuatana lakini hazilingani uzito. Ya nne ndiyo inayoangusha tathmini nyingi, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu zaidi.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kuandika swali

Kabla ya kugusa hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mshauri, jaza sentensi hii: "Kufikia mwezi fulani, fulani ataamua kuhusu jambo fulani. Tukikuta A atafanya hivi, tukikuta B atafanya vile." Kama A na B zinaishia kwenye kitendo kimoja, tathmini hiyo ni mapambo, na fedha zake zingefanya kazi nzuri kwingine. Kama huwezi kumtaja mwamuzi kwa cheo chake, mtafute kwanza, umwulize ni matokeo gani yangemfanya abadili mawazo. Jibu lake liandike mbele yake. Miezi kadhaa baadaye, takwimu zitakapokuja na habari mbaya, karatasi hiyo itakuokoa.

Wafadhili wengi watakuletea vigezo vya Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalounganisha hasa nchi tajiri. Vilikuwa vitano tangu 1991: umuhimu wa mradi kwa walengwa, kufikia malengo, tija, athari na uendelevu. Mwaka 2019 kikaongezwa cha sita, yaani namna mradi unavyoendana na juhudi nyingine. Ni orodha nzuri ya kukukumbusha usichopaswa kusahau. Ubaya unaanza pale hadidu za rejea zinapodai vyote sita, kila kimoja na maswali matano, kwa siku ishirini za kazi. Hapo mshauri hana njia isipokuwa kujibu yote juujuu. Chagua viwili vinavyogusa ule uamuzi wako, vingine vipe aya moja moja.

Hatua ya 2: Piga hesabu mezani, kisha chora mnyororo

Miradi mingine inaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi kabla mtu hajapanda gari. Chukua PlayPump, pampu ya maji iliyozungushwa na watoto wakicheza kwenye bembea ya mduara, ambayo kuanzia 2006 iliahidiwa mamilioni ya dola ili isambazwe kusini mwa Afrika. Ilisemekana pampu moja itahudumia watu 2,500. Kwa lita 15 kwa kila mtu kwa siku, hizo ni lita 37,500. Uwezo uliotajwa wa pampu ulikuwa lita 1,400 kwa saa. Gawanya: watoto wangetakiwa kucheza karibu saa 27 kila siku. Gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha hesabu ya namna hiyo mwaka 2009, pampu nyingi zikiwa zimeshasimikwa. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuifanya mapema.

Mradi ukipita mtihani huo, chora mnyororo wake: fedha zinazaa nini, hicho kinamfikia nani, anakitumiaje, na matumizi hayo yanabadilisha nini maishani mwake. Kila kiungo kiwe sentensi yenye mtu anayefanya kitendo. "Uelewa wa lishe utaongezeka" haina mtu. "Mama aliyepewa ushauri atamwongezea mtoto mlo mmoja" ina mtu, na papo hapo inazaa swali: je, ni yeye anayeamua kinachopikwa? Mradi mkubwa wa lishe wa Bangladesh wa miaka ya 1990, uliochukua mfano wa Tamil Nadu nchini India, ulijikwaa hapahapa. Ushauri ulielekezwa kwa akina mama, wakati katika kaya nyingi za huko mume ndiye aliyekwenda sokoni na mama mkwe ndiye aliyekuwa na sauti jikoni. Mama alielewa somo vizuri, ila hakuwa na mamlaka ya kulitekeleza.

Mfano wa pili unastahili kukaa ukutani kwa kila anayehesabu vitu vilivyojengwa. Katika jimbo la Odisha, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia kampeni ya vyoo katika vijiji 100, nusu vikiwa kwenye kampeni na nusu vikisubiri. Katika vijiji vya kampeni, kaya zenye choo zilipanda kutoka asilimia 9 hadi 63. Kwa ripoti ya kawaida ya mradi huo ni ushindi mtupu. Lakini kuhara kwa watoto hakukupungua, wala minyoo. Vyoo vingine havikukamilika, na hata palipokuwa na choo kinachofanya kazi si kila mwanakaya alikitumia. Kiungo cha "choo kipo" kilishika, cha "choo kinatumiwa na wote" kikakatika, na vyote vilivyofuata vikaanguka navyo.

Ukimaliza mchoro, andika pembeni mwa kila kiungo ushahidi gani utaonyesha kimeshika, nani anaweza kuuthibitisha, na una shaka kiasi gani. Kiungo chenye shaka kubwa ndicho kitakachokula sehemu kubwa ya bajeti ya tathmini. Watu hufanya kinyume: wanapima kwa makini kile ambacho hakuna aliyekitilia shaka, kama idadi ya mafunzo na waliosaini karatasi ya mahudhurio, kwa sababu takwimu zake ziko tayari kwenye faili.

Hatua ya 3: Fuata fedha na vifaa

Fanya hivi kabla ya kupima athari yoyote. Ni kazi ya bei nafuu. Nchini Uganda, uchunguzi wa matumizi ya miaka ya 1991 hadi 1995 ulilinganisha ruzuku za wanafunzi zilizotoka serikali kuu na zilizopokelewa na shule za msingi 250. Kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu. Mtu ambaye angepima kama ruzuku inaboresha ufaulu angehitimisha kwamba fedha hazisaidii elimu, ilhali fedha hazikufika.

Linganisha pointi tatu: kilichotumwa, kilichosainiwa kupokelewa, na kilichopo leo mbele ya macho yako. Nenda bila taarifa katika vituo vichache vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na kile cha mwisho wa barabara ambacho dereva ataanza kukuambia njia haipitiki.

Hatua ya 4: Uliza "ikilinganishwa na nini?"

Hali ya kaya kabla na baada ya mradi haikwambii mradi umefanya nini. Mvua, bei za mazao, barabara mpya, uchaguzi, mradi wa jirani: vyote vinaingia kwenye hesabu. Katikati ya miaka ya 2000 ulianza Mradi wa Vijiji vya Milenia, uliopeleka misaada ya aina nyingi kwa pamoja katika vijiji vichache vya Afrika, kijiji cha Sauri nchini Kenya kikiwa miongoni mwa vya kwanza. Maendeleo mengi yaliyotangazwa yalikuwa ya kweli. Wanauchumi Michael Clemens na Gabriel Demombynes walipoyalinganisha na maeneo mengine ya nchi hizohizo, ilionekana kwamba mengi kati yake, umiliki wa simu ukiwemo, yalikuwa yakitokea hata mahali ambapo mradi haukukanyaga. Mwaka 2012 waandishi wa makala iliyotoka katika jarida la tiba la Lancet walilazimika kuondoa dai lao kwamba vifo vya watoto katika vijiji vya mradi vilikuwa vikipungua kwa kasi zaidi, kwa kuwa ulinganisho ulikuwa na kasoro.

Kuongeza kijiji cha pembeni ukakiita kundi la ulinganisho hakutoshi. Magharibi mwa Kenya, watafiti walitaka kujua kama chati za kufundishia zinasaidia ufaulu. Walianza na takwimu za kawaida, wakalinganisha shule zenye chati na zisizo nazo. Jibu lilivutia: zenye chati zilifanya vizuri waziwazi. Kisha wakachukua shule 178, nusu zikapewa chati kwa bahati nasibu. Tofauti ikatoweka. Inawezekanaje? Shule iliyojipatia chati yenyewe mara nyingi ina mwalimu mkuu mchangamfu, wazazi wanaochangia na walimu wanaofika, na hayo ndiyo yanayopandisha alama. Chati ilikuwa imebebwa na shule nzuri. Kumbuka hilo kila unapoona ripoti inayolinganisha wanachama wa kikundi cha mikopo na wasio wanachama, au wakulima "waliopokea teknolojia" na "waliokataa". Waliojiunga walikuwa tofauti tangu kabla ya mradi.

Njia za kupata ulinganisho wa haki ni hizi, kwa mpangilio ninaoupendelea.

Bahati nasibu inafaa pale ambapo fedha hazitoshi wote kwa wakati mmoja, yaani karibu kila mahali. Mexico ilifanya hivyo na mpango wa Progresa wa kuzipa kaya maskini fedha, ulioanza 1997: kati ya vijiji 506 vya utafiti, 320 vilianza kupokea fedha na 186 vikasubiri zamu. Matokeo yalikuwa na nguvu kiasi kwamba chama tawala kiliposhindwa katika uchaguzi wa 2000, serikali mpya iliuendeleza mpango na kuupanua mpaka mijini, ikabadilisha jina tu. Wapo wanaosema bahati nasibu ni kucheza na shida za watu. Mimi naiona ina haki kuliko orodha inayoandaliwa na mwenyekiti wa kijiji akiwa peke yake, mradi tu usiwanyime watu kitu kinachojulikana kuokoa maisha na ambacho kipo cha kutosha.

Bahati nasibu ikishindikana, tumia kizingiti. Kama mradi unachukua kaya zenye alama chini ya 40 katika kipimo cha umaskini, kaya za alama 39 na za 41 zinafanana karibu kwa kila kitu isipokuwa mradi. Zilinganishe hizo. Vinginevyo fuatilia makundi mawili kwa vipindi kadhaa kabla na baada, lakini hakikisha kabla ya mradi yalikuwa yakienda kwa mwendo mmoja. Nukta moja ya nyuma haitoshi kuonyesha mwendo.

Na kuna miradi isiyo na kundi la ulinganisho kabisa: kushawishi sheria ipitishwe, kuimarisha wizara. Hapo orodhesha maelezo yote pinzani ya kilichotokea, kisha tafuta ushahidi ambao ungeua kila moja. Kama sheria ilikuwa imeshaandikwa kabla ya semina yako ya kwanza, kubali.

Tahadhari ya mwisho hapa ni kuvuja kwa faida. Katika utafiti wa Busia, Kenya, wa dawa za minyoo katika shule 75 ulioanza 1998, watoto ambao hawakumeza dawa nao walinufaika kwa sababu wenzao waliacha kuwaambukiza. Wangelinganishwa watoto wa darasa moja, faida ingeonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndiyo maana shule nzima ilipewa au ilisubiri. Amua mapema mstari wako wa kugawa upite wapi: mtu, kaya, shule au kijiji.

Hatua ya 5: Sampuli na dodoso

Kaya 400 kutoka vijiji vinne hazikupi taarifa za kaya 400, kwa kuwa watu wa kijiji kimoja wananyeshewa mvua moja na wanatibiwa zahanati moja. Bora vijiji 20 vya kaya 20. Fedha zikiongezeka, ongeza vijiji kabla ya kuongeza kaya. Na kama mradi uko kijiji kimoja na ulinganisho ni kijiji kimoja, hata ukihoji kila mtu, una jozi moja tu.

Kusanya takwimu za awali na za mwisho katika msimu uleule. Ukianza wakati wa mavuno na kumaliza wakati wa njaa, mradi mzuri utaonekana umeleta njaa. Andika pia utafanyaje na watakaohama, kwa sababu wanaokosekana mara nyingi ndio waliofanikiwa zaidi au walioshindwa kabisa.

Kuhusu dodoso, tazama swali hili linalopatikana kila mahali: "Je, mradi umekusaidia kupata maji safi?" Anayeulizwa ameona nembo kwenye gari. Atasema ndiyo, na si mwongo. Ni mstaarabu, tena anajua mradi unaweza kurudi. Badala yake uliza: "Maji mliyokunywa jana yalichotwa wapi? Nani alichota? Yako kwenye chombo gani sasa hivi, naweza kukiona?" Maswali mawili kuhusu jana, na la mwisho linajibiwa na macho. Wadadisi wasiwe watumishi wa mradi, na wasivae fulana zake. Jaribu dodoso kwa kaya chache nje ya sampuli, kisha futa robo ya maswali. Siku zote kuna robo ya kufuta.

Vikundi vya majadiliano ni vya lazima kwa kujua kwa nini. Usivitumie kuhesabu, kwa sababu kikundi husema anachosema mzee wa kwanza kuzungumza.

Hatua ya 6: Gharama kwa kila badiliko

Gawanya gharama zote, mishahara ya makao makuu ikiwemo, kwa mabadiliko yaliyotokea. Huko Udaipur, India, chanjo kamili za watoto zilikuwa asilimia 6 katika vijiji vya ulinganisho. Kliniki za uhakika zilizopita kila mwezi ziliipandisha idadi hiyo hadi asilimia 18. Mzazi alipoongezewa kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na seti ya sahani akimaliza, ikafika 39. Unaweza kudhani dengu ziliongeza gharama. Gharama kwa kila mtoto aliyekamilisha chanjo ilishuka kutoka takriban dola 56 hadi 28, kwa kuwa wauguzi walewale waliolipwa mshahara uleule sasa walikuwa na watoto wa kuwahudumia.

Hatua ya 7: Soma matokeo bila kujidanganya

Andika mpango wa uchambuzi kabla takwimu hazijafika: kiashiria kikuu ni kipi, na makundi gani utayatenganisha. Usipofanya hivyo utachambua mpaka upate kinachopendeza, na ukitafuta katika viashiria ishirini, kimoja kitapendeza kwa bahati tu.

Wastani unaficha watu. Vitabu vya kiada vilivyogawiwa magharibi mwa Kenya havikupandisha wastani wa alama, ila viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari wakifanya vizuri. Vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya tatu.

Ukikuta sifuri, usikimbilie kusema mradi haufai. Rudi kwenye mnyororo ujiulize ni sifuri ya aina gani. Huenda huduma haikufika, na hilo ni tatizo la utekelezaji. Huenda ilifika ikatumika ipasavyo na hali haikubadilika. Hapo wazo lenyewe lina kasoro. Au sampuli ilikuwa ndogo mno kuona badiliko la kawaida, na hiyo ni lawama ya tathmini. Dawa za sifuri hizi tatu hazifanani.

Hatua ya 8: Rekebisha kiungo kilichokatika, kisha pima tena

Chukua kiungo kimoja, marekebisho mawili yanayoshindana, uyajaribu katika maeneo machache. Tuseme vyandarua havichukuliwi. Wengi wangesema watu wachangie kidogo ili wavithamini. Jambo hilo lilijaribiwa katika kliniki za wajawazito nchini Kenya, na utafiti ukachapishwa 2010: bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, wanaochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na walionunua hawakutumia vyandarua kuliko waliopewa bure. "Uchangiaji" umeandikwa katika maandiko mengi ya miradi kama kanuni ya imani. Upimwe kama kitu kingine chochote.

Angalia pia marekebisho yako yanamuudhi nani. Udaipur hiyohiyo, wauguzi walianza kufuatiliwa kwa mashine za kugonga muda na kukatwa mshahara wakikosekana. Mahudhurio yalipanda. Kisha uongozi wa afya wa eneo ukaanza kuwaruhusu siku za udhuru, na baada ya miezi 16 tofauti ilikuwa imekwisha. Mashine zilikuwa sawasawa. Wenye mamlaka ya kuzipuuza hawakuwahi kukubali.

Kupanua ni jaribio jipya, kwa hiyo tenga bajeti ya kupima tena. Walimu wa mkataba nchini Kenya waliinua alama walipoajiriwa na shirika lisilo la kiserikali. Katika jaribio lilelile, walioajiriwa na serikali hawakuleta badiliko. Nchini Bangladesh, ruzuku ndogo ya nauli kwa wanakijiji kwenda kutafuta kazi wakati wa njaa ya msimu ilionyesha matokeo mazuri katika jaribio la 2008. Shirika la Evidence Action likaipanua kwa jina la No Lean Season, likaipima upya mwaka 2017 katika ukubwa huo mpya, likakuta haikuongeza wanaohama wala kipato chao. Liliyatangaza matokeo hayo lenyewe, na mwaka 2019 likafunga mpango.

Ikiwa uamuzi wako nao ni kufunga, upange kama ulivyopanga kuanza. Waambie viongozi wa maeneo na wanufaika msimu mmoja mbele, ukiwapa takwimu zao kwa lugha wanayoizungumza. Orodhesha mali na mpokeaji wa kila moja, na nani atalipa vipuri vyake. Safisha takwimu, ondoa majina na namba za simu, ziweke wazi pamoja na dodoso. Lipa posho za wadadisi zilizobaki kabla ya kufunga akaunti ya benki.